Mahali pa Kumlaza Meya Nzilani

Peris Nzilani alikufa Jumatatu asubuhi katika hospitali moja mjini Machakos, na kabla ya saa sita mchana ukoo ulikuwa umeshaamua atazikwa wapi. Mumewe, Munyao, hakuulizwa. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya wadi, mfuko wa nguo za marehemu magotini, akingoja mtu amwambie aelekee wapi.

Munyao hakuwa mtu wa maneno mengi hata siku za furaha. Alizaliwa Wamunyu, akakulia kwenye vumbi la mbao, na tangu utotoni kazi yake ilikuwa kuchonga. Twiga, vifaru, miiko ya kuuzia wageni. Shule aliiona kwa nje tu. Mkewe ndiye aliyefika darasa la saba, na kwa miaka hamsini na minne ndiye aliyemsomea kila karatasi iliyoingia nyumbani. Barua ya chifu, Nzilani. Karatasi ya dawa, Nzilani. Hata kura, Nzilani alimwambia picha ya kutafuta, naye hakuwahi kumuuliza mtu mwingine.

Kwa hivyo Jumanne, kaka yake mkubwa Nzioka alipomjia na karatasi na kibati cha wino, Munyao hakujua amgeukie nani.

"Ni ya nini?"

"Ya kumtoa mama mochari. Weka kidole hapa. Na hapa."

"Inasema nini?"

"Si nimekwambia? Ya mochari. Ama unataka akae huko mpaka Krismasi?"

Munyao akaweka kidole. Mara mbili. Nzioka akapuliza wino ukauke, akakunja karatasi, akaenda zake.

Mjini Itumbani, kwenye barabara ya Machakos, hakuna aliyemwita marehemu kwa jina lake. Alikuwa Meya tu, hata miaka kumi na moja baada ya cheo chenyewe kufutwa.

Alianza na maembe. Alikuwa akiyatoa Matuu kwa magunia na kuyapanga chini kwenye soko la Itumbani, juani. Mvua ikija aliyafunika kwa leso yake, akanyeshewa yeye. Mwaka wa tisini na mbili mvua iliozesha mali ya soko zima. Nzilani akawachukua wanawake wenzake, arobaini hivi, wakaenda kukaa kwenye ngazi za ofisi ya baraza la mji na maembe yao yaliyooza. Walikaa siku tatu. Inzi walijaa ndani mpaka karani akashindwa kuandika. Soko likaezekwa mabati, na mwisho wa mwaka huo wanawake wakamfanya diwani. Baada ya miaka minne madiwani wenzake wakamchagua meya, wakidhani mwanamke wa maembe ataendeshwa kirahisi. Walijuta. Alikaa kwenye kiti kile miaka kumi na saba, mpaka kaunti zikaja na viti vya umeya vikaondolewa.

Hakuwa malaika. Akishaamua, ameamua. Aliwahi kuwavunjia wachuuzi vibanda vyao vya barabarani asubuhi moja, na yeye mwenyewe alikuwa mchuuzi wa juzi. Barabara ya zahanati aliiahidi mara nne, na hadi leo ni mashimo. Lakini alikuwa akitoka nyumbani alfajiri kwenda kuangalia kama vyoo vya soko vimeoshwa, na visipooshwa alipandisha rinda akaviosha, halafu akaingia mkutanoni akinuka dawa. Madiwani walifungua madirisha, wakanyamaza.

Huko Wamunyu, kwenye kibanda cha wachongaji, Munyao alikula dhihaka ya kutosha.

"Bwana Meya! Leo umepika nini?"

"Mwacheni mheshimiwa wa jikoni, ako na mkutano na sufuria."

Munyao aliendelea kuchonga. Siku moja tu ndiyo alisema, bila kuinua macho kutoka kwa twiga wake, "Nimepika muthokoi. Njoo ule. Mke wako hata kwa mkutano wa wazazi hapewi nafasi aongee." Kibanda kilicheka wiki nzima, na tangu hapo walimwacha.

Jambo lililomfanya Nzilani achukiwe lilikuja mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua kubwa. Kipindupindu kiliingia Itumbani kikaua watu thelathini na mmoja, wengi wao watoto. Watu wa maji walikuja, wakachota visimani, wakapima. Visima vyote vya mtaa wa chini vilikuwa vimeharibika. Huko watu walikuwa wamenunua vijiploti vya nyumba na choo, na aliyekufa alizikwa humo humo, hatua chache kutoka kisimani. Asiye na shamba kwao angempeleka wapi maiti wake?

Meya akatoa amri mbili. Ya kwanza, hakuna kuzika tena kwenye ploti ndani ya mji. Ya pili, makaburi tisa yaliyokuwa karibu kabisa na visima yafukuliwe, na waliomo wahamishwe kwenye makaburi mapya ya umma, nje ya mji, palipokuwa machimbo ya mawe.

Machimboni! Watu walishika vichwa. Mtu analazwa kwenye ardhi yake, wajukuu wanalima wakizunguka kaburi lake. Machimboni ni pa maiti isiyo na mwenyewe, mlevi aliyeokotwa barabarani, mgeni asiyejulikana jina.

Nzilani alianza na kaburi lake mwenyewe. Mtoto wao wa kwanza, Ngina, alikufa kwa surua akiwa na miaka miwili, wakamzika nyuma ya jikoni kwenye ploti yao ya Itumbani, kwa sababu siku hizo mtoto mdogo hakupelekwa mbali. Kisima kilikuwa hapo. Munyao ndiye aliyemzika, na Munyao ndiye aliyemfukua. Mkewe alisimama juu yake. Alikuwa ametoka ofisini, na lile joho jekundu la umeya bado lilikuwa mwilini. Hakulivua. Kilichobaki cha mtoto kilienea kwenye boksi la sabuni.

"Kimeisha?" Nzilani aliuliza.

"Kimeisha."

"Angalia tena, Baba Justus. Usimwache kidogo kidogo."

Akaangalia tena.

Kaburi la pili lilikuwa la Kitonga, fundi wa viatu, aliyekuwa na miezi minane tu chini. Hilo halikuwa la boksi. Wafanyakazi wa baraza walifunga vitambaa puani, mmoja akatapika. Mjane wake, Nzembi, muuza sukuma, alilifuata gari kwa miguu mpaka machimboni. Walipokuwa wanamteremsha mumewe alimwendea Meya mbele ya watu wote.

"Umenitolea mume kama mtu anang'oa kiazi."

"Pole, Nzembi."

"Sitaki pole yako. Na wewe? Siku yako ikifika utapelekwa Wamunyu kwa shamba, na mahema, na wakubwa. Sisi ndio wa kutupwa kwa mawe."

"Mimi nitalala hapa."

"Wapi?"

"Hapa. Karibu na Kitonga wako."

"Unasema mbele ya nani?"

"Mbele ya hawa wote."

Mwanamume mmoja nyuma akapaza sauti, "Aiya, Meya! Hata wakati wa kura haujawahi kudanganya namna hiyo!" Watu wakacheka, maiti iko hapo hapo. Nzembi hakucheka. Nzilani hakucheka. Munyao, aliyekuwa ameshika boksi lake la sabuni, aliona jinsi wale wanawake wawili walivyotazamana, akajua kwamba neno limeshasemwa na halitarudi.

Maji yalipona. Hakuna mtu mwingine aliyekufa kwa kipindupindu Itumbani. Shukrani haikuja. Mwenye shamba mahali popote aliendelea kubeba maiti wake kwenda kwao, hata kama ni mbali, na machimboni wakabaki kuzikwa wale wasio na pa kwenda. Mtu akigombana na jirani alimtisha kwa kumwambia, "Wewe utaishia kwa mawe." Nzilani alisikia hayo sokoni na barabarani. Na kila alipopita karibu na meza ya Nzembi, mjane yule alimsalimu kwa neno moja, miaka nenda miaka rudi:

"Bado uko?"

"Bado niko."

Hapo basi. Nzilani alinunua sukuma yake, akaenda.

Mwaka jana figo zilikataa kazi. Alikonda, akavimba, akakonda tena. Mwezi wa mwisho aliletwa hospitali ya Machakos na hakutoka. Munyao alikaa kando ya kitanda chake kila siku, akimmenyea machungwa ambayo hakuyala. Alitaka kumuuliza jambo na alikuwa akiogopa kuliuliza. Siku ya Jumapili akaliuliza.

"Utalala wapi?"

Nzilani alifumbua macho, akamtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyesahau somo.

"Si nilisema?"

Asubuhi yake akafa.

Jumatano jioni Munyao alikuwa nyumbani Itumbani, redio imewashwa kwa ajili ya kelele tu. Yakaja matangazo ya vifo. Mtangazaji alisoma kwa Kikamba, taratibu, kwa sauti ile ya huzuni wanayolipiwa. Akataja jina la Peris Nzilani, aliyekuwa meya wa Itumbani. Mke wa Munyao, mama wa Justus na Mutheu. Mazishi yatafanyika Ijumaa nyumbani kwao Wamunyu, kuanzia saa nne.

Munyao alisubiri, akifikiri labda atajisahihisha. Yakaja matangazo ya mbolea.

Kesho yake mapema alikuwa Wamunyu. Alikuta mahema mawili yameshasimamishwa uani, na vijana wa ukoo wako ndani ya shimo hadi mabegani. Upande mmoja walikuwa wamelundika mawe ya kujengea kuta za kaburi. Nzioka alikuwa anasimamia, fimbo mkononi.

"Ulinidanganya," Munyao alisema.

"Nilikudanganya nini? Karatasi ni ya mochari. Imeandikwa mwili unatolewa, na unapelekwa wapi."

"Nilikuuliza inasema nini."

Nzioka akatazama shimo. Alikuwa mzee wa miaka themanini na nne, aliyewahi kuwa mzee wa kanisa, na si mtu mbaya. Alipozungumza tena alishusha sauti ili vijana wasisikie.

"Munyao, nisikilize. Yule mtoto mlipomfukua, ni mbuzi wawili tulichinja hapa kutakasa nyumba. Nani alileta mbuzi? Mimi. Sikusema kitu. Nilisema mke wa ndugu yangu ako na kazi ya serikali. Sasa kazi imeisha, cheo kimeisha, yeye mwenyewe ameisha. Mrudishe kwa watu wake."

"Alisema atalala kule."

"Alisema akiwa na hasira ya siasa! Na wewe? Siku yako utalala hapa peke yako kama bachela? Watu watasema tulimnyima nafasi. Watasema mama wa nyumba hii alitupwa na walevi."

"Nzembi bado ako hai."

"Nzembi ni nani?"

Munyao hakuweza kumweleza. Maneno yalikuwepo kifuani, mengi, yote ya miaka ishirini na sita, lakini hayakupata mlango. Akageuka akaondoka. Nyuma yake alimsikia kijana mmoja akiuliza waendelee au waache, na Nzioka akijibu, "Chimbeni. Mzee amechoka tu."

Binti yake Mutheu ni fundi wa nguo hapo Machakos. Alimkuta baba yake amesimama mlangoni mwa duka lake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akampa maji. Munyao akasema yote kwa sentensi tatu.

Mutheu alizungusha kifungo mkononi. Alimjua mama yake, na aliujua ukoo.

"Nau," alimwita baba yake, "Justus atakasirika."

"Najua."

"Hawatatuongelesha tena. Si kwa mwaka mmoja. Milele."

"Najua."

"Kidole ni chako," Mutheu alisema. "Kama ni kidole chako kilimwandikisha Wamunyu, basi wewe ndiye mwenye mwili. Kinaweza kumwandikisha kwingine."

Alasiri hiyo walikuwa kwenye ofisi ya makaburi ya umma. Karani, msichana mdogo machoni pa Munyao, alisikia jina akaacha kuandika.

"Meya? Huyu Meya wetu? Kule kwa mawe?" Akamgeukia Mutheu. "Mzee ako sawa?"

"Andika," Munyao alisema.

Karatasi ilipokuwa tayari, hakuweka kidole. Alimpa Mutheu.

"Soma."

Mutheu akasoma.

"Tena."

Akasoma tena, neno kwa neno, mpaka nambari ya kaburi. Ndipo Munyao akapaka wino.

Ijumaa walifika mochari saa moja asubuhi. Mhudumu, kijana mmoja anayeitwa Antony, alizilaza karatasi mbili kwenye meza, ile ya Jumanne na ile ya Alhamisi, akazitazama kama mtu aliyeletewa ugomvi wa watu.

"Vidole vyote ni vyako, mzee?"

"Vyangu."

"Basi ya mwisho ndiyo inatembea. Lakini muongee na hawa kwanza," akaonyesha kwa kidevu.

Justus alikuwa anashuka kwenye gari la maiti lililokodishwa na ukoo, lenye vioo na maua. Ni mwanamume wa miaka arobaini na minane, msimamizi wa mashine katika kiwanda cha nguo huko Athi River, na alikuwa amevaa suti nyeusi mpya. Nyuma yake lilisimama basi dogo la wafanyakazi wenzake waliokuja kumzika mama yake. Dada yake alimwambia. Alimwambia haraka, macho chini.

Justus alimwendea baba yake.

"Nau, kaburi limechimbwa. Limejengwa mawe. Mahema yako, ng'ombe amechinjwa, mheshimiwa mbunge ako njiani. Watu mia tano."

"Najua."

"Nitawaambia nini?"

"Waambie mama yako alisema."

"Mama alisema mambo mengi! Alisema ataweka lami! Mbona hiyo haujaibeba mgongoni?" Wenzake wa kiwandani walikuwa wamesimama mlangoni mwa basi wakisikiliza. Justus aliwaona, na uso wake ukabadilika. "Mimi sijawahi kukuomba kitu. Nimelipa hospitali nikanyamaza. Leo nakuomba. Usimpeleke mwaitu, mama yangu, kwa watu waliookotwa."

Munyao alielekeza mkono upande wa Itumbani.

"Ngina ako huko," alisema.

Justus alizaliwa miaka mitatu baada ya Ngina kufa. Hakumjua. Alimtazama baba yake, akasema, "Ndiyo. Huyo ndiye mtoto wenu." Akawaambia wenzake warudi ndani ya basi. Gari la maua likageuza, tupu, likaelekea Wamunyu, na yeye ndani yake.

Mutheu alikuwa amemwomba jirani yake seremala pikapu ya kubebea viti. Ndiyo iliyombeba Meya.

Machimboni ua ulikuwa umeanguka zamani, na mbuzi wa watu walikuwa wanakula kati ya misalaba. Mlinzi alikuwa amechimba kaburi kwenye safu ya zamani, mistari miwili kutoka kwa Kitonga. Karibu zaidi nafasi haikuwepo. Walikuja watu kumi na wanne. Wanawake sita wa soko, mmoja amebeba mtoto. Mzee mmoja aliyekuwa mfagiaji wa baraza, amevaa koti lake la kazi. Wengine Munyao hakuwajua. Mchungaji alikuwa Wamunyu, alikoalikwa, kwa hivyo Mutheu ndiye aliyefungua Biblia, na alisoma vibaya kwa sababu ya machozi, akaruka mistari.

Hakuna aliyesimulia historia ya marehemu. Walipomteremsha, kamba ya upande mmoja iliteleza na jeneza likagonga ukuta wa shimo. Mfagiaji akasema, "Polepole, mama," kana kwamba ndiye aliyejigonga.

Nzembi alifika wakati wamebakiza kidogo kufukia. Alikuwa amezeeka, anatembea kwa fimbo mbili, na ilimchukua muda kupita kati ya misalaba. Hakuna aliyemwita. Alisimama ukingoni akasoma jina kwenye kibao cha mbao, midomo ikicheza. Kisha akatazama kaburi la Kitonga, akapima kwa macho umbali uliopo.

"Kwa hivyo alikuwa anasema ukweli," alisema.

"Ndiyo," Munyao alijibu.

"Miaka yote hiyo nilimwita mwongo moyoni. Kila siku, nikimuuzia mboga." Akatikisa kichwa. "Lakini mimi sikutaka aje hapa, Baba Justus. Mimi nilitaka Kitonga akae pale alipokuwa."

Munyao alimpa mkono. Nzembi aliushika, akauachia, akaanza safari yake ya kurudi.

Zilikuwa zimebaki saa chache kabla ya jua kutua, na Munyao alijua pa kwenda. Kaburi lililochimbwa uani haliachwi wazi likachwewa na jua. Litaita mtu wa nyumba hiyo. Asipopatikana wa kuwekwa, hukatwa mgomba ukazikwa badala yake, na anayestahili kuuzika ni mwenye kosa. Mutheu alimwambia asiende leo, angoje hasira zipoe. Munyao alikuwa ameshapanda mbele ya pikapu.

Walifika Wamunyu saa kumi na nusu. Mahema yalikuwa yanashushwa. Mbunge alikuwa amekuja, akasubiri, akaondoka bila kula. Wageni walikuwa wamekula na kutawanyika, na mabakuli yalikuwa bado kwenye nyasi. Wazee wa ukoo walikuwa wameketi upande mmoja wa shimo, saba, na hakuna aliyeinuka kumsalimu. Mgomba ulikuwa umeshakatwa, umelazwa ukingoni, umefungwa kwa shuka nyeupe ambayo ilinunuliwa kwa ajili ya Nzilani.

Nzioka aliongea bila kumtazama.

"Hakuna mkono wa hapa utakaofukia. Jembe ni hilo, sepetu ni hiyo."

"Sawa."

"Na siku yako ikifika, usitafute nafasi kwa boma hili. Nimesema mbele ya wazee."

"Nimesikia."

Munyao alivua koti. Aliuvuta mgomba peke yake, akauteremsha kwa kamba, kichwa upande wa kichwa, kama inavyotakiwa. Mutheu alichukua sepetu, baba yake akamwambia aiweke chini. Akaanza kufukia. Mikono yake ilikuwa ya mchongaji, ilijua kazi, lakini pumzi ilikuwa ya mzee, na kila baada ya majembe kumi alisimama akaegemea mpini. Wazee walikuwa wanangoja amalize ili waende makwao. Mlangoni mwa nyumba Justus alisimama na suti yake, tai mkononi, akimwangalia baba yake. Alikaa hapo muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

Udongo uliisha kabla shimo halijajaa. Siku iliyotangulia vijana walikuwa wametwaa sehemu yake kusawazisha uwanja chini ya mahema, wageni wasijikwae. Munyao aliuliza ni wapi atachota mwingine. Hakuna aliyemjibu. Akatafuta ndoo, akatoka kwenda kuchimba kando ya barabara.